Daftari la ndoto: lilale nawe ndani ya neti, na mume asilisome

Nikisema nina daftari la ndoto watu wanadhani ni yale mambo ya malengo, kiwanja Kigamboni, gari, picha za nyumba umekata kwenye gazeti ukabandika ukutani. Hapana jamani. Naongelea ndoto ndoto, zile za usingizini, umepanda mwendokasi pekupeku na dereva ni mwalimu wako wa hesabu wa darasa la nne. Nina miaka mitatu sasa naandika, niko kaunta buku ya nne, na karibu kila kosa la kufanya nimeshalifanya, kwa hiyo kaa hapa nikupunguzie safari.

Mi nilianza kwa sababu ya bibi. Tanga tulikokuwa tunalelewa, asubuhi ukimaliza kuamkia shikamoo swali linalofuata ni "umeota nini?", ukisema nimeota kadhaa wa kadhaa kabla hujamaliza ashasema "heri, inshallah", ndo anasikiliza. Alivyofariki nikagundua hakuna mtu mwingine duniani anayeniuliza nimeota nini, na mwaka mzima nikawa kama siotagi kabisa. Kumbe naota, sina tu wa kumwambia. Nikanunua kaunta buku.

Sasa kosa la kwanza. Daftari niliweka mezani, pembeni ya kitanda, naona nimejipanga kweli kweli. Ukiamka mpaka uchomoe neti ilipochomekwa, utafute ndala kwa mguu, uwashe taa, ndoto ishaondoka zamani, unabaki umekaa kitandani na peni mkononi kama mtu aliyeitwa kikaoni akasahauliwa. Daftari lilale ndani ya neti. Langu liko chini ya mto na penseli imefungwa kwa uzi. Nasema penseli makusudi, maana peni ukiandika umelala chali wino unakata baada ya mstari mmoja, penseli haina habari na hilo.

Halafu usijigeuze. Hii ndo siri kubwa kuliko zote na hainunuliwi. Ukishtuka baki vile vile ulivyo, macho umefumba, mkono ulipo uwe hapo hapo, jiulize tu nilikuwa wapi sasa hivi. Inakuja picha moja, ya mwisho, labda mlango wa bluu. Ishike hiyo kisha rudi nyuma taratibu, kabla ya mlango kulikuwa na nini, kabla ya hapo je. Ndoto ni kama kambale, ukimbana anateleza, ukimwacha atulie kiganjani unampata mpaka mkia.

Simu sasa. Nilijaribu kurekodi sauti nikasema hii ndo kisasa, asubuhi kusikiliza ni kama mlevi anaelekezea bodaboda njia. Lakini tatizo sio sauti, tatizo ukishika simu unakuta grupu la familia lina meseji 63, mtu kapost uji wa lishe, shangazi anamjibu, na wewe ushasahau umeshika simu kwa ajili gani. Alamu nayo ni hivyo hivyo, ikilia kwa kelele inafuta kila kitu. Mi naamka vizuri na adhana ya alfajiri kwa sababu inaanza mbali mbali, msikiti mmoja, wa pili, ndo wa kwetu. Kama hauko karibu na msikiti weka mlio wa taratibu unaopanda polepole.

Na muda huo wa alfajiri sio bahati tu. Mwaka 1953 pale Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, watafiti wa usingizi Aserinsky na Kleitman waliandika kuhusu ule usingizi ambao macho yanachezacheza chini ya kope, na ukimwamsha mtu katikati yake mara nyingi anakwambia alikuwa anaota. Usingizi huo unajirudia kila baada ya kama dakika 90 hivi, na kadri usiku unavyoenda unazidi kuwa mrefu, kwa hiyo ndoto ndefu zenye visa na mikasa ziko kule mwishoni. Unayelala saa 8 usiku ukaamka saa 11 unakatisha utamu wenyewe. Bia nazo zinaubana usingizi huo nusu ya kwanza ya usiku, mwishoni unarudi kwa fujo, ndo zile ndoto za mtu aliyetoka harusini.

Andika isomeke lakini. Kuna mwanasayansi anaitwa Otto Loewi, Mjerumani aliyekuwa anafundisha Austria, mwenyewe alisimulia kwamba aliota jaribio la maabara, akashtuka akaandika kwenye kikaratasi akalala tena, asubuhi hawezi kusoma mwandiko wake mwenyewe! Siku nzima anakodolea kikaratasi. Usiku uliofuata kama saa 9 ndoto ikarudi, safari hii hakuandika kitu, aliinuka akaenda moja kwa moja maabara kupima mioyo ya vyura, ikathibitika kwamba neva zinaongea na moyo kwa kemikali. Mwaka 1936 akashiriki tuzo ya Nobel. Sisi wengine ndoto hairudi mara ya pili, kwa hiyo andika maneno matano makubwa makubwa kwanza, mengine ujaze ukishapiga mswaki.

Cha kuandika: tarehe, uko wapi, nani yupo, mnafanya nini, na moyoni ulijisikiaje. Andika kama inatokea sasa hivi, na usiirekebishe ikae kama hadithi. Nikupe moja yangu ilivyo:

"Jumanne. Niko mwendokasi ila ndani ni jikoni kwa mama mdogo. Nasonga ugali, mwiko umekuwa rula. Abiria wanashuka na sahani. Naona aibu, sijui ya nini."

Basi, imeisha. Hiyo aibu ndo ya maana kuliko rula.

Tunapoharibu wengi wetu ni kwenye tafsiri. Kila mtu ana orodha yake kichwani, meno yakidondoka msiba, samaki mimba, nyoka adui, ukila nyama ugonjwa, ukila chochote kile umelishwa. Mwezi wa pili wa daftari niliota jino limetoka, saa 11 alfajiri nikapiga simu nyumbani kuuliza wote wazima, mama akadhani mimi ndo natoa taarifa ya msiba, presha ikapanda, tukaishia zahanati. Msiba wenyewe hamna. Wazee wa dini walishatufundisha adabu yake bwana, ndoto nzuri mwambie unayempenda, mbaya tema mate kidogo kushoto mara tatu, jikinge kwa Mungu, geukia ubavu mwingine na usimsimulie mtu (hapo ruhusa kujigeuza). Mi siku hizi ukurasa wa kushoto naandika ndoto, wa kulia naacha mtupu mwezi mzima. Mwezi ukiisha narudi nikiwa na akili za mchana.

Na hilo la kutomsimulia mtu linahusu na daftari. Mume wangu alilisoma. Alikuta nimeandika nakimbia na mwanaume mwenye kanzu, tunacheka, tunapanda boti. Siku tatu ndani ya nyumba ni salamu tu, na mimi sijui kosa langu, mpaka aliponiuliza "boti ilikuwa inaenda wapi?" Nimejieleza kuliko mtu aliyefumaniwa. Ukiwa na mwenza kaeni kabisa mkubaliane mapema, au tafuta daftari lenye kufuli.

Wanaokabwa na jinamizi nao waandike, yaani umeamka unaona chumba lakini mwili umegoma na kuna kitu kifuani. Mwili unakuwa bado umefungwa na ule usingizi wa ndoto wakati akili ishaamka, hali hiyo inapita yenyewe baada ya muda mfupi. Daftari lilinionyesha kwamba mi jinamizi linanikuta nikilala chali na nikiwa sijalala vizuri siku mbili tatu mfululizo. Nikaanza kulala ubavu, limepungua sana. Kama uko kwenye dawa andika pia umeanza lini, kuna dawa zinaleta ndoto kali, efavirenz ile ya ARV inajulikana kwa hilo, na zipo za malaria. Peleka daftari kwa daktari, usiache dawa mwenyewe kisa umeota simba.

Faida niliyoipata mimi imetoka kwenye tarehe. Nilikuwa naota nimeingia chumba cha mtihani wa fomu foo, karatasi imegawiwa, sina kalamu, na somo lenyewe sikuwahi kulisoma. Nimemaliza shule miaka mingi, sasa mtihani wa nini tena? Kupekua kurasa za nyuma nikakuta mara tisa, na mara saba kati ya hizo ni Jumamosi usiku. Jumapili ndo kikao chetu cha vikoba, mimi mweka hazina, sanduku la kufuli tatu linafunguliwa mbele ya watu, hesabu zinasomwa. Nilikuwa najiambia kazi ile naiweza, sina presha nayo kabisa.

Mwezi wa nne nikaomba nipumzishwe, nikakabidhi kitabu. Ndoto ikapotea wiki sita. Juzi imerudi, chumba kile kile, ila safari hii mimi ndo msimamizi, watahiniwa ni wanakikundi wote wamekaa na sare za kitenge, wananyoosha mikono kuuliza swali, na kalamu bado sina.