Kabla hujamchapa mtoto kwa ajili ya sigara, pita njia anayopita

Nakaa na mtoto wa dada yangu hapa Nkuhungu, Dodoma, yuko fomu tuu. Mwaka jana nafua shati lake la shule nikakuta vipisi viwili vya sigara mfukoni. Nikamchapa, tena vibaya, na haikusaidia kitu maana wiki mbili baadae ananuka moshi tena, safari hii na bigijii mdomoni ya kufichia.

Ndo usiku mmoja nikakaa nae, nikamuuliza kwa upole ameanzia wapi. Akaniambia "Anko, si wewe ulikuwa unanituma." Iliniuma sana. Mimi sivuti, ila wageni wangu wanavuta na nilikuwa namtuma dukani tangu ana miaka 10, kaniletee sigara mbili za mgeni, kwa hiyo bei anaijua na anajua muuzaji hamuulizi kitu. Sheria ipo, ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003, mtoto chini ya miaka 18 haruhusiwi kuuziwa, lakini muuzaji anajua katumwa na mkubwa, basi yameisha.

Kesho yake nikamfuata shule tukarudi kwa mguu. Vibanda 7! Vitano vinauza moja moja, pakiti iko wazi pembeni ya pipi na kalamu, kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa kamba kwenye nondo za dirisha, unawasha hapo hapo. Pakiti nzima hela angeitoa wapi, ila moja ananunua kwa hela ya andazi. Nyuma ya kibanda cha mwisho kuna pagala halina mlango, ndani vipisi vimejaa mchangani na tofali nne zimepangwa za kukalia.

Na pale kabla ya pagala palikuwa na uwanja wao wa chandimu. Tangu 2016 serikali ilipotangaza kuhamia huku kila kipande kimepimwa kimeuzwa, watu wanajenga, sawa, ila mtoto akitoka shule saa 10 aende wapi?

Msichelewe jamani, ubongo wa mtoto unakua mpaka anakaribia miaka 25 na nikotini inamnasa haraka kuliko mtu mzima.

Acha kumtuma mtoto sigara, hata ya babu yake. Muuzaji mfuate mwenyewe, msalimie, mwambie huyu ni wangu usimuuzie hata akisema nimemtuma mimi, na wauzaji watatu walinielewa siku hiyo hiyo. Mwenye pagala nilimpata kupitia mjumbe, akaziba mlango kwa mabati. Mpira tumeomba kiwanja cha kanisa, Jumanne na Alhamisi.

Kijana ana miezi minne sasa tangu aanze kuacha, mara mbili ameteleza na mara zote mbili alikuja kuniambia mwenyewe. Vibanda viwili bado vinauzia watoto, Jumamosi naenda tena na mjumbe.