Jibu: Programu ya C inayoanguka mara moja moja

Ndugu, umeuliza kwa nini programu yako huanguka kwenye free (amri ya C ya kuachilia kumbukumbu) leo, kesho ikafanya kazi vizuri. Mara nyingi hiyo ni dalili ya kuandika nje ya mipaka ya kumbukumbu, au kuachilia kipande kimoja mara mbili. Inapoangukia sipo ilipoharibikia, kwa hiyo uache kwanza mstari huo.

Kompaili upya kwa gcc -g -O1 -fsanitize=address, ambayo huingiza AddressSanitizer, kikaguzi cha makosa ya kumbukumbu, ndani ya programu. Alama hiyo ya mwisho iweke pia kwenye hatua ya kuunganisha, la sivyo hatua hiyo itagoma kwa majina yasiyojulikana. Ukiiendesha, ripoti itataja mstari uliokosea, mahali kumbukumbu ilipoombwa na, kama imeshaachiliwa, ilipoachiliwa. Rekebisha kosa la kwanza tu, kisha endesha tena.

Kasi itapungua takriban mara 2. Valgrind, zana nyingine ya kukagua kumbukumbu, ni nzito zaidi, mara 20 hadi 30, lakini hukamata thamani zisizowahi kuwekwa, ambazo njia ya kwanza haizioni. Hata hivyo haizioni safu (arrays) zinazofurika ndani ya staki, yaani kumbukumbu ya vigeu vya ndani ya kila funksheni. Tafadhali usiziendeshe zote mbili kwa pamoja; hazipatani.