Siku moja ya mwisho, ndugu watatu na begi halijafungwa

"Shangazi, niko ugenini kwa ndugu, narudi nyumbani Jumamosi kwa ndege ya saa nne usiku. Siku hiyo bado nataka kubadilisha hela, kununua zawadi na kuchukua simu kwa fundi. Mjomba anaumwa, sijamwona. Mama mdogo kanuna kwamba nimemsahau, na binamu anataka tutoke na gari lake. Kila mmoja anakaa upande wake wa mji. Nikimruka mtu, ni lawama. Nifanyeje?" – Msafiri

Mwanangu Msafiri,

Hiyo siku unayoihesabu si nzima. Ndege ya saa nne inakutaka uwanjani saa moja jioni, maana mashirika mengi hufunga kaunta dakika 60 kabla ya kuruka. Toa foleni ya barabarani, na kufikia saa kumi alasiri Jumamosi yako imekwisha.

Kwa hiyo mambo ya madukani yote yasukume Ijumaa. Begi nalo lipime Ijumaa hiyohiyo. Tiketi nyingi za daraja la kawaida zinaruhusu kilo 23, na kilo za ziada hulipiwa pale kaunta bila huruma. Chupa inayozidi mililita 100 iingie kwenye begi kubwa. Sarafu zimalizie kwenye nauli, kwani maduka ya fedha kwa kawaida hupokea noti tu.

Asubuhi ya Jumamosi ni ya mjomba. Mgonjwa hakufuati, wewe ndiye wa kumfuata. Ukiingia tu mwambie, "Mjomba, nipo nawe mpaka saa saba," kisha ukae kweli, usichungulie saa kila akikohoa.

Mama mdogo je? Si ni dada yake mjomba huyohuyo! Mpigie leo, wewe mwenyewe, usimtume mtu. Omba radhi kwa kuchelewa, usijieleze sana, halafu mwombe mkutane kwa kaka yake. Akija, umewaona wote wawili chini ya dari moja. Asipokuja, umeshamwita, na kununa huko ni kwake sasa.

Binamu mwenye gari huna haja ya kutoka naye popote. Mwombe akupeleke uwanjani, mtapiga soga njiani.

Halafu kuna hili hukuliuliza, lakini nalijua litakuja: mtu atakuletea kifurushi mlangoni, kimezungushiwa gundi, "mpelekee fulani". Usikipokee hivyo. Sema, "Uwanjani nitaulizwa kilichomo na nani kafunga, tukifungue pamoja." Akisita, kibaki hapohapo, hata kama ni wa damu yako. Kitakachokutwa ndani ya begi lako kitaitwa chako.

Na simu ichukue Ijumaa hata kama fundi hajaimaliza. Watu wa siku hizi tiketi mnaiweka humohumo.

Shangazi