Mitosisi nyingi kwenye slaidi: je, ni sarkoma?

Swali: Nimeletewa kinundu cha sentimita 2 kilichotolewa chini ya ngozi ya mkono wa mgonjwa wa miaka 28. Anasema kimeota ndani ya wiki tatu. Kwenye hadubini naona seli nyembamba, ndefu, zimesongamana, na kila ninaposogeza slaidi nakuta inayogawanyika (mitosisi). Kwa alama za protini, SMA (ya seli zinazojikunja) chanya, desmini (ya msuli) hasi, Ki-67 (ya seli zinazogawanyika) iko juu. Mwenzangu anasema niandike sarkoma, yaani saratani ya tishu kama misuli na mafuta. Niandike?

Jibu: Usiandike bado, daktari.

Katika maelezo yako yote, zito kuliko mengine ni zile wiki tatu. Sarkoma nyingi za tishu laini huchukua miezi kukua. Kinundu kidogo kilichofura ghafla kwenye mkono wa kijana hunifanya nifikirie kwanza fashaitisi ya kinundu, uvimbe usio saratani ambao umewadanganya wataalamu tangu ulipoelezwa mwaka 1955.

Rudia slaidi ya rangi ya kawaida ya H&E kwa utulivu. Viini vya seli vinafanana? Kromatini, yaani DNA iliyofungwa ndani ya kiini, ni laini? Mitosisi kuwa nyingi si tatizo, mradi umbo lake ni la kawaida; ukiikuta hata moja yenye ncha tatu, sahau niliyoyasema na uanze upya. Tafuta pia chembe nyekundu za damu zilizomwagika nje ya mishipa, na nafasi zilizochanika kati ya seli, mithili ya seli zilizooteshwa maabara. Ki-67 imekuambia tu kwamba seli zinagawanyika, jambo ulilokwisha kuliona kwa macho. Na SMA huwaka kwenye miofaibroblasti (seli ya tishu unganishi inayojikunja kama msuli) yoyote, njema kwa mbaya, kwa hiyo usiitegemee kuamua.

Shaka ikibaki, peleka bloku (kipande cha tishu kilicho kwenye nta) ikapimwe kwa FISH, kipimo cha jeni kwa rangi zinazong'aa, kama jeni ya USP6 imekatika. Tangu 2011 tunajua kwamba jeni hiyo, mara nyingi ikiwa imeungana na jeni nyingine, MYH9, ndiyo inayousukuma uvimbe huu. Ikionekana imekatika kwenye slaidi ya sura hii, nitalala usingizi. Isipoonekana, utambuzi haujafutika.

Mimi binafsi huogopa zaidi ile inayokuja kwa upole: sarkoma ya faibromiksoidi ya daraja la chini, iliyoelezwa na Evans mwaka 1987. Seli zake ni chache, zimetulia, mitosisi utazitafuta hadi uchoke. Halafu miaka mingi baadaye, pengine zaidi ya kumi, inaonekana kwenye mapafu. Hiyo ndiyo ya kupima protini ya MUC4, hasa uvimbe ukiwa ndani ya msuli wa paja.

Kwako leo, kama viini vimekuridhisha, andika "uvimbe wa miofaibroblasti, unaelekea fashaitisi ya kinundu, majibu ya USP6 yanasubiriwa". Kisha mpigie simu daktari wa upasuaji kabla hajapanga kukata zaidi.