Karatasi ya dawa ambayo mama ataisoma mwenyewe

SWALI: Shikamoo mama muuguzi. Mama yangu ana umri wa miaka 74 na anaishi Muheza pamoja na binti wa kaka yangu mwenye miaka 16, wakati mimi ninafanya kazi Dar es Salaam. Alilazwa kwa sababu ya presha na kisukari, na siku aliyoruhusiwa alikabidhiwa bahasha nne za dawa zilizoandikwa 1×1 na 1×2, pamoja na kipeperushi cha Kiingereza cha kurasa sita chenye herufi ndogo. Nilikitafsiri chote, lakini mama hakisomi, na juzi alitetemeka na kushikwa na kizunguzungu baada ya kunywa dawa bila kula. Nimwandalie maelezo ya namna gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza ukiwa mbali. Tafsiri yako itunze, kwa kuwa itakufaa wewe na huyo binti. Mama anahitaji kitu kingine: ukurasa mmoja unaomwambia anywe nini, wakati gani, na akiona dalili gani afanye nini. Vipeperushi vingi huanza kwa kueleza kongosho liko wapi na insulini inafanya kazi gani, ilhali mzee aliyetoka wodini jana anataka kujua kama kile kidonge kikubwa cheupe kinanywewa kabla ya uji au baada yake.

Anza na wakati. Maandishi ya 1×2, yaani kidonge kimoja mara mbili kwa siku, yanaeleweka vizuri kwa mfamasia, lakini hayasemi mara mbili hizo ni lini, na wapo wazee wanaomeza vidonge vyote viwili asubuhi kwa mkupuo. Uwe mwangalifu pia na saa zilizoandikwa kwa mtindo wa Kiingereza, kwa sababu mzee akiona 8:00 atasoma saa nane, na dawa ya asubuhi itanywewa mchana. Andika kwa maneno, “saa mbili asubuhi, baada ya uji”, kisha bandika chini ya maneno hayo kipande cha pakiti ya dawa yenyewe au chora umbo na rangi ya kidonge. Dawa ikibadilishwa kiwanda, rangi hubadilika, kwa hiyo karatasi ikaguliwe kila mnapochukua dawa mpya.

Kuhusu ule mtetemeko, hukunitajia majina ya dawa, ila dalili ulizozieleza zinafanana na za sukari kushuka. Kati ya dawa za kisukari, metformini peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi, na huagizwa inywewe pamoja na chakula hasa ili isisumbue tumbo. Glibenklamidi ni tofauti: inaisukuma kongosho itoe insulini, inayoshusha sukari, hata kama mtu hajala, na kwa mzee, hasa mwenye figo dhaifu, athari yake hukaa muda mrefu. Ndiyo maana chama cha wataalamu wa afya ya wazee cha Marekani kimeiweka katika orodha ya dawa ambazo wazee wanashauriwa kuziepuka. Kama imo katika zile bahasha nne, msiiache kwa uamuzi wenu. Mpelekeni mama kliniki wiki hii, mweleze daktari kilichotokea, na muulize kama ipo inayomfaa zaidi.

Katikati ya ukurasa, ndani ya kisanduku, andika: “Nikitetemeka, nikitoka jasho jembamba, nikisikia njaa kali au nikichanganyikiwa, ninywe maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, tupime tena baada ya dakika 15, kisha nile.” Kipimo cha sukari kikisoma chini ya 4 (mmol/L), hiyo ni sukari ya chini. Kwa binti ongeza sentensi moja: bibi akizimia, asimtie chochote mdomoni, aite watu na awahishwe hospitali.

Jambo jingine linalostahili mstari wake ni dawa za kununua. Wazee wengi wenye maumivu ya magoti hujipatia diklofenaki katika duka la dawa bila kusema kwamba wana presha, wakati dawa hiyo huweza kupandisha presha na kuumiza figo, zaidi inapokutana na dawa za kukojoza. Andika wazi: “Nisinunue dawa ya maumivu kabla ya kumwonyesha muuzaji karatasi hii.”

Umbo la karatasi lisikuchoshe. Herufi za ukubwa wa 14 hadi 16, wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, nafasi ya kutosha kati ya mistari, na tarehe juu. Msiandike sentensi nzima kwa herufi kubwa tupu (KAMA HIVI), kwa kuwa macho ya mzee huchoka nazo upesi.

Karatasi ikiwa tayari, usimuulize mama, “Umeelewa?” Atakujibu ndiyo, kwa kuwa hapendi kukusumbua. Mwambie hivi: “Mama, nataka kujua kama nimeandika vizuri, hebu nieleze kesho asubuhi utaanza na ipi.” Akikwama, kosa ni la maandishi, na hapo ndipo pa kurekebisha. Binti naye aeleze vivyo hivyo, huku mama akisikiliza. Mkienda kliniki bebeni karatasi hiyo na bahasha zote, hata zilizobaki tangu mwaka jana, na mwombe mfamasia azilinganishe moja moja. Kituo chenye dirisha la wazee kitawapunguzia foleni. Dawa ikiongezwa au ikisitishwa, karatasi ya zamani ichanwe siku hiyo hiyo. Na kama mama hufunga Ramadhani, aonane na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu huenda ratiba yote na hata vipimo vya dawa vikahitaji kupangwa upya.

SWALI: Baba yangu hajui kusoma na macho yake yana mtoto wa jicho. Maelezo haya yatamsaidia vipi? Msomaji, Kilwa.

JIBU: Mrekodie kwenye simu kwa sauti ya mtu anayemwamini, ujumbe mmoja kwa kila wakati wa dawa, usiozidi dakika moja. Dawa za asubuhi zitieni katika kopo refu na za usiku katika kopo fupi, ayatambue kwa mkono, na makopo yawe mbali na watoto. Vidonge vibaki ndani ya pakiti zake. Mzoeze kwa kumwomba akuonyeshe, hadi atakapochukua kopo sahihi bila kuelekezwa. Halafu mpelekeni kwa daktari wa macho, kwa maana mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji, na kumwachia baba giza hilo kwa kudhani ni uzee ni kumnyima haki yake.