Mikono kabla ya upasuaji: maswali yenu

Sisi tulifundishwa kusugua mikono kwa burashi dakika 10. Vijana wa leo wanapaka spiriti na kuingia. Nani yuko sahihi?

Vijana, ilimradi wapake ipasavyo. Shirika la Afya Duniani linakubali njia zote mbili: sabuni ya kuua vijidudu na maji kwa dakika 2 hadi 5, au dawa ya kupaka yenye spiriti. Burashi kwenye ngozi haipendekezwi tena, kwani inachubua, na ngozi iliyochubuka hukaliwa na bakteria wengi zaidi. Kinachoua ni dawa kukaa juu ya ngozi, si nguvu za msuguaji.

Sasa, huko kupaka. Mimina kiasi cha mililita 5 kwenye kiganja cha kushoto, uchovye humo ncha za vidole vya kulia kwa sekunde 5, kisha upake mkono huo wa kulia hadi kwenye kiwiko. Fanya vivyo hivyo upande wa pili, halafu umalizie viganja, migongo ya mikono na katikati ya vidole. Vidole gumba ndivyo vinavyosahaulika sana.

Nikinawa kwanza kwa sabuni ya dawa, kisha nikapaka spiriti, si ndiyo salama zaidi?

Hapana, chagua moja. Ukifika chumba cha upasuaji, nawa kwa sabuni ya kawaida, safisha chini ya kucha, ujifute mpaka ukauke kabisa. Maji yakibaki mikononi yanazimua spiriti.

Nina glavu. Ya nini usumbufu wote huu?

Glavu hutoboka, mara nyingi bila mvaaji kujua, na ndani yake kuna joto na jasho, bakteria huongezeka. Tena daktari mpasuaji Halsted, kule Marekani mwishoni mwa karne ya 19, aliagiza glavu za mpira ili kuokoa mikono ya muuguzi wake iliyokuwa ikiunguzwa na dawa. Mgonjwa alikuja kufaidika baadaye!

Pete ya ndoa?

Vua. Na kucha za bandia zisiingie kabisa.

Daktari wetu huanza mara tu ngozi ya mgonjwa inapopakwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) yenye spiriti. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa: cheche ya mashine ya umeme ya kukatia inaweza kuwasha moto. Acha dawa ikauke yenyewe, usiipepee wala kuifuta. Kagua kitovuni na chini ya mgongo, dawa hutuama huko. Shuka lililolowa liondolewe kabla ya kumfunika mgonjwa kwa vitambaa vya upasuaji, maana mvuke wa spiriti hunaswa chini ya vitambaa hivyo.