Fungua nakala yako ya PostgreSQL kabla hujaihitaji

Folda ikiwa na mafaili thelathini ya nakala, kila moja na tarehe yake, moyo hutulia. Lakini faili kuwepo hakuthibitishi kwamba data imo ndani. Makosa ya kuchukua nakala kwa mstari wa amri hutokea kimyakimya, yakaja kujulikana siku ya kurudisha, wateja wakiwa wanapiga simu. Tuyapitie kwa PostgreSQL, programu ya kuendesha hifadhidata, tukitumia hifadhidata tutakayoiita `duka`.

Amri ya msingi ni hii:

```
pg_dump -Fc -d duka -f /nakala/duka.dump
```

Usiache `-Fc`. Bila hiyo unapata maandishi ya SQL tu, na ukitaka kurudisha jedwali moja itabidi ulichomoe kwa mkono. Ukiiweka, faili hubanwa lenyewe, jedwali moja hutolewa kwa `-t` ya `pg_restore` (amri ya kurudisha), na urudishaji unaweza kugawanywa katika kazi kadhaa zinazokwenda sambamba. Wengi bado huandika hivi:

```
pg_dump duka | gzip > duka.sql.gz
```

Hapa ndipo penye balaa. Sheli, yaani programu inayopokea amri zako, huripoti matokeo ya amri ya mwisho, yaani `gzip`. `pg_dump` ikikatika njiani kwa sababu mtandao umeanguka, `gzip` hubana kile ilichopokea na kurudisha sifuri, maana yake kazi imekwenda salama. Faili lipo, tarehe ipo, nusu ya majedwali haipo. Kama huna budi kuunganisha amri kwa alama ya `|`, anza skripti ya Bash kwa `set -o pipefail`.

`pg_dump` haizuii watu kusoma wala kuandika. Huiona data jinsi ilivyokuwa kazi ilipoanza, hata ikichukua saa nzima. Ila hushika kufuli jepesi kwenye kila jedwali. `ALTER TABLE` ikija wakati huo itasubiri, na maombi mengine ya jedwali hilo, hata ya kusoma tu, yatapanga foleni nyuma yake. Kwa mtumiaji, mfumo umeganda. Basi usipange kubadilisha muundo wa majedwali wakati nakala inachukuliwa.

Angalia pia matoleo. `pg_dump` ya 14 hukataa seva ya 16. Ukipandisha seva, pandisha na zana za mashine inayochukua nakala. Ukisahau, nakala zinakoma usiku uleule.

Skripti ya kila siku haihitaji kuwa ndefu:

```
#!/bin/bash
set -euo pipefail
F=/nakala/duka_$(TZ=Africa/Nairobi date +%F_%H%M).dump
pg_dump -w -Fc -d duka -f "$F.muda"
pg_restore -f /dev/null "$F.muda"
mv "$F.muda" "$F"
find /nakala -name 'duka_*.dump' -mtime +14 -delete
```

Mpangilio wa mistari hiyo una sababu. Nakala huandikwa kwanza kwa jina la muda, hivyo faili lenye `.muda` mwishoni ukilikuta asubuhi, jua kazi haikukamilika. Mstari wa `/dev/null` husoma faili lote mpaka mwisho bila kurudisha chochote. Wengine hutosheka na `pg_restore -l`, lakini hiyo husoma orodha ya yaliyomo, na orodha hukaa mwanzoni mwa faili. Faili lililokatika katikati linaweza kukupa orodha safi kabisa. Kufuta za zamani kumewekwa mwisho makusudi. Kukiwa mwanzoni, nakala mpya zikishindwa wiki mbili mfululizo, skripti itakuwa imefuta hata ile nzuri ya mwisho.

Nenosiri likae kwenye faili la `~/.pgpass` lenye ruhusa 600, yaani mwenye faili pekee ndiye anayelisoma na kuliandika. Ruhusa zikiwa pana zaidi, faili hilo hupuuzwa. `-w` huzuia amri kukaa ikingoja nenosiri ambalo hakuna mtu wa kuliandika. Usihamishie amri ya `date` kwenye crontab yenyewe (orodha ya kazi zinazojiendesha kwa ratiba), maana alama ya `%` huko huhesabiwa kuwa mstari mpya. Seva nyingi za kukodi huenda kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu: ukitaka nakala saa nane usiku ya Afrika Mashariki, andika 23:00. Bila `TZ` hapo juu, nakala ya Jumanne usiku huo ingebeba tarehe ya Jumatatu.

Watumiaji wa seva na manenosiri yao hawamo katika `pg_dump`. Wachukue kando kwa `pg_dumpall --globals-only -f watumiaji.sql`, na ulifungie faili hilo ruhusa. Kisha peleka vyote kwenye mashine nyingine, kwa sababu diski ikifa hufa na nakala zilizomo.

Kurudisha, fanya kila mara kwenye hifadhidata mpya, kamwe si juu ya ile inayofanya kazi:

```
createdb -T template0 duka_jaribio
pg_restore -j 4 --no-owner --exit-on-error -d duka_jaribio FAILI.dump
vacuumdb --analyze-only -d duka_jaribio
psql -d duka_jaribio -c "select count(*), max(tarehe) from mauzo"
```

Bila `--exit-on-error`, `pg_restore` huruka kosa na kuendelea, kisha mwishoni hukutajia idadi tu ya makosa. Amri ya `vacuumdb` hukusanya takwimu za majedwali. Ukiiacha, maswali mepesi yanaweza kukokota mpaka ukadhani nakala ni mbovu. Mstari wa mwisho ndio wa kuukazia macho. Idadi ya safumlalo inaweza kukudanganya kwa ukubwa wake, lakini tarehe ya mauzo ya mwisho haifichi kitu: ikiwa ni ya miezi mitatu iliyopita, skripti huenda inasoma seva ya zamani ambayo hakuna aliyeizima. Lifanye jaribio hili angalau mara moja kwa mwezi, na upime muda linaochukua, maana ndio utakaomwambia bosi siku ya dharura.

Siku hiyo ikifika, funga programu zote zinazoitumia `duka`, kwa kuwa jina halibadiliki mtu akiwa bado ameunganishwa. Ipe jina jipya, `duka_mbovu`, ndipo nakala iliyorudishwa iitwe `duka`. Usiifute hiyo mbovu. Mauzo yaliyoingia baada ya nakala kuchukuliwa yamo humo tu, na mengi yake yanaweza kutolewa kwa mkono.